Kinachouzwa Kwenye Chupa ya Asali

Kata za Mchafukoge na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, zimepakana kiasi kwamba mtu anayekatiza mitaa kwa miguu hajui ametoka lini moja na kuingia nyingine. Katika mwendo huo mfupi asali ina bei zisizopungua tatu. Ya kwanza ni ya machinga mwenye ndoo nyeupe, juu yake kipande cha sega kinaelea pamoja na nyuki wawili watatu waliokufa, na pembeni zimepangwa chupa za maji zilizokwisha kutumika. Ya pili ni ya duka la viungo na dawa za asili, palipo na habasoda, mdalasini, ubani na mafuta ya nyonyo. Hapo asali imo kwenye chupa ya kioo yenye karatasi iliyochapwa kwa kompyuta. Ya tatu ni ya rafu ya supamaketi, yenye lebo ya rangi, alama ya ubora ya TBS na msimbomilia. Mara nyingi zote tatu zimetoka katika miombo ileile ya Tabora, Katavi au Singida na kupita barabara ileile. Hata hivyo ya rafuni inaweza kuuzwa mara mbili ya ile ya ndooni, na aliyelipa mara mbili akaondoka na amani kuliko aliyelipa nusu.

Anacholipia huyo ni kuondolewa shaka. Hilo ndilo linalosahaulika katika mazungumzo yetu yote kuhusu ufugaji nyuki kama biashara. Tunahesabu mizinga, tunahesabu kilo kwa mzinga, tunazidisha, tunafurahi. Faida yenyewe imekaa mbali na mzinga, mikononi mwa yule anayeweza kusema “hii ni asali” na akasadikiwa.

Simulizi ya kawaida huanzia kwenye takwimu moja. Kwa miaka mingi nyaraka za serikali zimekuwa zikirudia kwamba Tanzania ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, ilhali kinachovunwa ni kama tani 30,000 za asali. Hata kwa kiwango hicho nchi hutajwa kuwa ya pili Afrika, nyuma ya Ethiopia. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, aliupigia debe ufugaji nyuki mpaka jina lake likaambatana na mizinga. Na Novemba 2014 Arusha ilipokea kongamano la Apimondia, shirikisho la wafugaji nyuki duniani, kuhusu nyuki wa Afrika. Siku hizi maonesho ya Sabasaba na Nanenane hayakosi banda la mizinga, na makundi ya WhatsApp ya wajasiriamali hayakosi lile jedwali: mizinga 100, kila mmoja kilo 20, misimu miwili, zidisha kwa bei ya Dar es Salaam.

Pengo la tani laki moja na ushee linasomwa kama pesa iliyolala porini. Mimi nalisoma vingine. Uwezo huo ni wa maua. Hausemi nani atayafikia maua hayo, kwa nauli gani, wala akirudi na ndoo mia atampata nani wa kuzinunua kwa bei inayolipa safari.

Tuanzie shambani. Mfugaji wa Ulaya au Marekani hununua malkia na kundi lake, akalipandisha kwenye mzinga, akawa na uhakika kuwa kuna nyuki ndani. Huku kwetu nyuki hawanunuliwi. Mfugaji huweka mzinga mtupu, akapaka nta ndani, wengine husugua kwa mchaichai, kisha anasubiri kundi linalopita liupende. Anayetundika mizinga amejenga nyumba za kupangisha bila kuwa na mpangaji hata mmoja, na mpangaji mwenyewe haweki mkataba: akisumbuliwa na nyegere, siafu, jua kali, moshi wa moto wa nyika au ukosefu wa maji, anahama na familia yake yote usiku mmoja. Nyuki wa Afrika ana sifa hiyo kuliko wenzake wa Ulaya. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtu anayejisifia mizinga 100 ni hili: mingapi ina nyuki?

Hebu tufanye hesabu ya mfano, tarakimu zake nikizichagua mimi ili kuonyesha mwenendo tu. Tuseme mzinga wa kisasa, pamoja na kuufikisha porini na kuutundika au kuusimamisha kwenye nguzo, unagharimu shilingi 100,000. Mizinga 100 ni milioni 10. Tuseme nusu imepata nyuki, na kila mmoja umetoa kilo 12 kwa mwaka. Hizo ni kilo 600. Kijijini kilo inanunuliwa kwa 6,000, kwa hiyo mapato ni milioni 3.6. Toa mlinzi wa manzuki, yaani eneo la mizinga, wa 100,000 kwa mwezi, ambaye ni milioni 1.2 kwa mwaka. Toa vibarua wa kurina, ndoo na nguo za kinga, 500,000. Toa nauli za mwenye mradi kwenda kukagua, 600,000. Inabaki milioni 1.3. Sasa mizinga yenyewe inaoza, inapasuka, inaliwa na mchwa. Tukiipa umri wa miaka 10, kila mwaka umekula milioni 1 ya ule mtaji. Faida halisi ni 300,000. Mtu aliyezika milioni 10 amepata chini ya anachopata kijana wa meza ya soksi Mtaa wa Kongo kwa mwezi mzuri.

Pandisha mizinga yenye nyuki kutoka 50 hadi 80 na mambo yanageuka. Kilo zinakuwa 960, mapato milioni 5.76, vibarua wanaongezeka kidogo hadi 700,000, mlinzi na nauli hazibadiliki. Ukishatoa uchakavu unabaki na karibu milioni 2.26. Mizinga 30 tu zaidi imeingia nyuki na faida imezidi mara saba, kwa sababu gharama kubwa za shamba hili hulipwa mzinga uwe na nyuki au uwe mtupu. Hapo ndipo unapoona udhaifu wa ufugaji wa kupitia simu. Mwenye duka Mchafukoge anatuma pesa Singida, anatumiwa picha za mizinga iliyopakwa rangi, anaonyesha wenzake. Picha ya mzinga kwa nje haionyeshi kama ndani mna nyuki.

Mfugaji wa jadi wa Sikonge au Inyonga anafanya hesabu tofauti kabisa, na nadhani tumemdharau kuliko anavyostahili. Anabandua gome la mti mkubwa wa miombo, analikunja kuwa mzinga, analitundika juu kabisa, na gharama yake ni jasho lake. Mzinga huo hutoa kilo chache kuliko wa mbao, lakini ana mizinga mingi, haidai mkopo, na ukikosa nyuki amepoteza siku ya kazi tu. Wataalamu walikuja na mizinga ya viunzi vya juu, ile iliyoendelezwa Kenya miaka ya 1970, kisha na mzinga wa fremu aliousajili Lorenzo Langstroth wa Marekani mwaka 1852, wakashangaa kwa nini watu wa Tabora wanaipokea kwa semina na kuiacha kwa vitendo. Hawakuwa wabishi. Mtu ambaye bei yake haipandi kwa sababu ya mzinga bora hana sababu ya kununua mzinga bora. Kasoro ya gome ni nyingine, na ni kubwa: mti uliobanduliwa hufa, na mti huo ndio uliokuwa ukitoa maua. Ndiyo maana kulihama gome ni jambo la lazima, ila sababu yake ni msitu kuliko wingi wa asali.

Kuna pia nta, ambayo wengi huitupa. Katika takwimu zilezile za serikali, tani 138,000 za asali zinakwenda na tani 9,200 za nta, yaani kilo moja ya nta kwa kila kilo 15 za asali. Shamba letu la mfano lenye kilo 600 lingetoa kilo 40 za nta, bidhaa isiyochacha, isiyovuja ndani ya basi, na ambayo tangu enzi za Wajerumani ilikuwa ikipakiwa melini kutoka bandari zetu. Mzinga wa fremu, unaosifiwa kwa kurudisha sega zima kwa nyuki, unakunyima nta hiyo na kukuongezea asali; wa viunzi vya juu unafanya kinyume. Ni lazima uchague, na uchaguzi unategemea kama una mnunuzi wa nta. Kwenye masoko ya kati ya Dar es Salaam wanunuzi wa nta ni wachache na wanajuana.

Asali ikishakamuliwa inaanza safari, na hapa kuna ujanja wa vipimo ambao hauonekani kwenye jedwali lolote la WhatsApp. Asali ni nzito: lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 28. Porini watu huuziana kwa ndoo, na mnunuzi mjanja humzoesha mkulima kuamini kuwa “ndoo ya ishirini” ni kilo 20. Akifika mjini anaiweka kwenye mizani. Kilo 8 amezipata bila kutoa senti, na mkulima hajui kama ameibiwa, kwa kuwa hakuna aliyesema uongo waziwazi. Kule mwisho wa safari kipimo hugeuka tena: anayenunua kwa kilo anauza kwa lita na kwa chupa, na chupa yenyewe ina mabega mapana na kitako kilichoingia ndani. Mizani ya shilingi elfu kadhaa kwenye kituo cha kijiji ingeongeza kipato cha mfugaji kuliko semina ya siku tano. Nalisema hili bila kuwadharau wenye semina.

Wakati nao una bei yake. Kwenye miombo mavuno makubwa huangukia baada ya mvua za masika, takribani Mei hadi Julai, na mengine madogo mwishoni mwa mwaka. Mfugaji anahitaji pesa papo hapo, kwa hiyo huuza wakati kila mtu anauza. Mahitaji ya mjini hayafuati msimu huo. Dar es Salaam, na hasa mitaa hii yenye misikiti mingi na maduka ya dawa za asili, huinunua asali kwa wingi kuelekea Ramadhani, na miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kati ya ndoo kujaa na mteja kuitaka kuna miezi saba au minane. Aliye na stoo na pesa ya kusubiri ndiye anayekula tofauti hiyo, na ni halali yake, ila stoo zetu ni mabati yanayowaka mchana, ndani ya hewa yenye unyevu wa bahari. Asali hunyonya unyevu kama mfuniko haukazi. Kanuni za kimataifa za Codex zinataka maji yasizidi asilimia 20. Ikizidi sana, hamira iliyomo inaamka na asali inatoa povu. Joto nalo huongeza kemikali ijulikanayo kwa kifupi kama HMF, ambayo maabara huitumia kutambua asali iliyochemshwa au kuzeeka. Codex inaruhusu hadi miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto, mara mbili ya zile 40 za nchi nyingine. Mfanyabiashara anayesubiri Ramadhani chini ya bati anapata bei na kupoteza ubora kwa wakati mmoja. Mteja hawezi kuona hilo kwa macho.

Sasa tumefika kwenye shaka lenyewe.

Mtu wa Dar es Salaam hanunui asali ili ale na mkate. Mkate una siagi yake. Anainunua kwa ajili ya kifua cha mtoto, kwa vidonda vya tumbo, kwa kuchanganya na tangawizi na ndimu, kwa kuchanganya na habasoda kwa sababu za dini. Kwa mlaji huyo chupa moja inakaa kabatini miezi. Hali hii ina matokeo mawili. Habanii bei sana, maana nani anabania bei ya dawa? Na anaogopa kuchakachuliwa kuliko anavyoogopa bei, maana dawa iliyotiwa sukari guru si dawa. Kwa hiyo kabla ya kulipa anapima.

Vipimo vyenyewe kila mtu anavijua. Chovya njiti ya kiberiti uone kama itawaka. Dondosha kwenye mchanga uone kama itaviringika. Weka kwenye karatasi uone kama italowa. Ita sisimizi. Mimina kwenye glasi ya maji uone kama itazama nzima. “Onja kwanza mama, hii ya Tabora kabisa,” muuzaji anasema, na mama anaonja, anapiga midomo, anatikisa kichwa kama mtu aliyegundua jambo. Hakuna kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachotenganisha asali na shira nzito iliyopikwa vizuri. Vingi vinapima unene, na unene hata sukari inao. Lakini kibaya zaidi ni kile kinachowaadhibu wakweli: kuganda. Asali halisi nyingi huganda, kwa kuwa glukosi iliyomo hujitenga na kuwa chembechembe. Ni suala la maua yaliyotumika na ubaridi, basi. Mteja akiona chembe hizo anasema sukari hiyo, anasusa. Muuzaji aliyeumwa mara mbili hurudi na kuichemsha jikoni ili ing'ae, na kwa kuichemsha anaiharibu. Soko limemfundisha kuharibu asali nzuri ili ifanane na asali ya uongo.

Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi ya namna hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake inaingia Kariakoo bila kubisha hodi. Pale mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, atatoa bei ya katikati. Bei ya katikati haimlipi mwenye kizuri, anajitoa sokoni. Wanaobaki ni wenye kibovu, mnunuzi anazidi kushuku, bei inazidi kushuka. Ukitaka kujua kwa nini ndoo ya machinga ni rahisi, usianze kwa kudhani ni feki. Huenda ni safi kabisa. Ni rahisi kwa sababu machinga hana namna ya kuthibitisha, na wewe huna namna ya kumpata kesho.

Wala tusijione ndio wezi peke yetu. Machi 2023 kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilitoa matokeo ya kupima sampuli 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje. Asilimia 46 zilishukiwa kutiwa shira. Wale wana maabara, wana sheria, wana bandari zenye wakaguzi. Mama wa Mchafukoge ana njiti ya kiberiti.

Watu wamejitengenezea dhamana zao. Iliyo kongwe ni ya undugu: “mjomba wangu ameleta kutoka Urambo,” na asali inauzwa ofisini, chini ya meza, kwa watu wanaojua mtu huyo anakaa wapi. Nyingine ni lile sega juu ya ndoo, kama cheti, ingawa sega linaweza kuelea kwenye shira vilevile. Nyingine ni duka lenye jina, ambalo babu ndiye alilianzisha na mjukuu hataki kulivunjia heshima. Na ya mwisho ni ya dola: alama ya TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 limebeba pia kazi ya usalama wa chakula iliyokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kuipata kunadai chumba cha kusindikia kinachokubalika, vipimo, usajili, na uvumilivu. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, limewasaidia wasindikaji wadogo wengi kupita njia hiyo. Ada ya mwanzo haimshindi mtu. Kinachomshinda ni kuwa na asali ya aina moja mwaka mzima.

Turudi kwenye shamba letu la mizinga 100, lile la nusu tupu lililobakiza 300,000. Kilo zake 600 ni kama lita 428. Mwenye shamba akizifikisha mjini na kuziuza mwenyewe kwa watu wanaomwamini, tuseme 16,000 kwa lita, anapokea karibu milioni 6.85 badala ya 3.6. Tofauti ni milioni 3.25. Tuseme chupa, lebo, usafiri, kuvuja na kodi ya meza vinameza nusu yake. Zinabaki zaidi ya milioni 1.6 juu ya ile 300,000. Hajaongeza mzinga hata mmoja. Wala usidhani mtu wa kati ni mnyonyaji kwa asili: ndoo iliyonunuliwa 168,000 porini na kuuzwa 320,000 chupa kwa chupa imebeba barabara, hasara, miezi ya kusubiri, na juu ya yote jina la mtu. Asiye na jina mjini anauza kwa bei ya porini hata akiwa amesimama Msimbazi.

Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, inaonyesha jambo hilo kwa ukali zaidi. Kundi moja hutoa kiasi kidogo mno, mzinga unaweza kuning'inia ukutani nyuma ya nyumba ya Temeke au Pemba, na bei ya lita huzidi ya kawaida mara kadhaa kwa sababu ya sifa ya dawa. Asali hiyo ni nyepesi na ina ukakasi, na maji yake mara nyingi huvuka ile asilimia 20 ya Codex, kanuni iliyoandikwa ikimlenga nyuki mkubwa. Kwa hiyo bidhaa ghali kuliko zote ndiyo yenye kanuni hafifu kuliko zote, na ndiyo inayochakachuliwa kwa moyo mweupe: ongeza maji na ndimu, nani atajua?

Wapo wanaosema dawa ni kuuza nje. Nina mashaka. Kontena moja la kawaida hubeba kama tani 20. Kwa kilo 12 kwa mzinga hiyo ni mizinga 1,667 yenye nyuki, yote ikiwa na rekodi za mabaki ya viuatilifu na dawa kama wanunuzi wa Ulaya wanavyodai. Mtu mmoja hawezi, ni lazima ushirika. Ushirika wa wafugaji nyuki wa Tabora ulioanza miaka ya mwanzo ya uhuru uliwahi kuipeleka asali na nta ya miombo mpaka Uingereza, na mradi wa ufugaji nyuki wa BEVAC, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa na mashirika ya Enabel na ITC, umejaribu kurudisha uwezo huo katika mikoa ya magharibi na kati hadi Pemba. Ni kazi njema. Lakini bei ya jumla ya dunia, ambayo China kama mzalishaji mkuu huivuta chini, ni dola chache tu kwa kilo, na chupa inayoaminika ya Dar es Salaam tayari inaipita. Kilichoifanya kampuni ya Honey Care Africa ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2000, isikike mbali hakikuwa mizinga iliyowafikishia wakulima wadogo; ni ahadi ya kununua kwa bei inayojulikana na kulipa palepale. Kuna pia sehemu ya asali yetu isiyofika soko lolote rasmi, inageuka wanzuki, pombe ya asali, hukohuko kijijini, na mpishi wa wanzuki haulizi asilimia ya maji.

Kuna hesabu moja ambayo hakuna jedwali linaloiweka. Shamba la nyuki halina uzio. Chakula cha mifugo yako kiko kwenye miti ya watu wengine, au ya serikali. Ugalla, huko upande wa Tabora, iliyokuwa pori la akiba ambamo wafugaji nyuki waliingia kwa kibali na kwa msimu, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na hifadhi ya taifa haina nafasi ya mizinga. Tabora hiyohiyo inalima tumbaku, ambayo hukaushwa kwa kuni za miombo. Na karibu na pwani, kule Kisarawe, Mkuranga na Rufiji ambako mwenye duka wa Kariakoo angeweza kukagua manzuki yake Jumapili na kurudi jioni, mti unaotoa maua ndio unaoingia tanuru la mkaa. Gunia linasafiri kwenda jiji lilelile. Mti ukiwa mkaa unalipa leo, mara moja; ukiwa na maua unalipa kidogo kila mwaka, na anayelipwa si lazima awe mwenye mti. Mpaka mfugaji nyuki awe na njia ya kumlipa kitu mwenye msitu, kijiji au mtu, ataendelea kushindwa na mchoma mkaa, hata akiwa na mizinga mizuri namna gani.

Kwa mtu wa Mchafukoge au Kariakoo mwenye milioni 10 anayeniuliza kama anunue mizinga, jibu langu ni aanze na ndoo. Anunue ndoo 20 msimu wa Juni kutoka kwa kikundi kimoja cha kijiji kimoja, kwa mizani, si kwa ndoo. Anunue rifraktomita, kifaa kidogo cha mkononi kinachosoma kiwango cha maji kwa tone moja, na akatae ndoo inayozidi kiwango papo hapo kijijini, akieleza sababu, ili mwakani mtu asirine masega yasiyofunikwa nta. Kwenye chupa aandike kijiji, mwezi wa kurina na asilimia ya maji, na chini yake mstari mmoja kwamba asali hii inaweza kuganda na ikiganda ni salama. Aweke jina lake na namba ya simu inayopokelewa. Akimaliza ndoo 20 bila chupa kurudishwa, atakuwa na kitu cha kuwaambia wale wa kijijini kuhusu bei ya mwaka unaofuata, na wao watakuwa na sababu ya kumuuzia yeye badala ya dalali anayefika na pesa taslimu na ndoo yenye matumbo. Baada ya misimu miwili, kama bado anataka mizinga, atajua awakabidhi akina nani waichunge.